Mwanamke wa Damu ya Pili

Siku ya kwanza wakala wa vifaa vya hospitali alipoingia katika maabara ile, kabla hata hajafungua mkoba wake, aliamriwa avue viatu.

"Viatu?" aliuliza, akivitazama viatu vyake vya soli ngumu alivyovipiga rangi asubuhi ile ile. "Kwani nimeingia sebuleni kwa mtu?"

"Sebuleni kwangu ungeingia navyo," alijibu mwanamke aliyekuwa amempa mgongo. "Hapa kuna sahani imelala. Ukitembea kama unavyotembea, itaamka."

Akavua. Alikuwa katika biashara tangu alipokuwa akibeba masanduku ya watu sokoni, na alijua kwamba mnunuzi akikuamuru jambo dogo mwanzoni, unamtii; atajiona amekushinda, na mkono wake utalegea wakati wa jambo kubwa. Akabaki na soksi, moja imetoboka kwenye kidole gumba, akasubiri mkono ulegee. Haukulegea.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Dirisha lake lilikuwa la kioo cha ukungu, kwa hiyo mwanga ulioingia haukuwa na kingo. Ulitanda tu kama maziwa yaliyomwagika, usijue jua liko upande gani. Mashine ya kuzungushia damu ilivuma polepole kwenye kona. Bomba lilidondoka, likasita, likadondoka tena. Na juu ya meza ya kati, peke yake kama mgonjwa mahututi, ilikaa sahani ya plastiki yenye visima vidogo tisini na sita, kila kimoja kikubwa kuliko punje ya mahindi kidogo tu.

"Kaa," alisema yule mwanamke. "Na useme taratibu."

Ndiyo maana hospitali nzima ilimwita Bibi Taratibu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na miezi mitatu tu ya kazi mbele yake kabla ya kustaafu. Wakala alikuwa ameshamchunguza tangu jana yake, kama anavyomchunguza kila mtu anayetaka kumuuzia kitu. Aliambiwa kwamba aliingia hapo kama mwosha chupa. Miaka sita aliosha vioo vya wenzake huku akichungulia juu ya mabega yao, hadi siku moja mtaalamu alipokosea kusoma sahani, na sauti kutoka kwenye karai ikasema, "Samahani bwana, kisima cha saba hicho, si cha sita." Walimcheka. Kisha wakatazama, na kikawa cha saba. Cheti alikuja kukipata baadaye, ukubwani, akisoma jioni huku anatikisa mtoto kwa mguu.

Kazi yake ilikuwa kichomi. Si kila kichomi. Kile cha kidudu kiitwacho mikoplazma, ambacho hakina ukuta wa mwili. Dawa ya kawaida ya kichomi hubomoa kuta, basi ikifika kwake hupita kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba isiyokuwapo. Mgonjwa humeza dawa wiki nzima na bado anakohoa. Ili kukijua, ilibidi kuuliza damu: je, mwili umetengeneza kingamwili dhidi yake?

"Naiuliza damu mara mbili," alieleza Bibi Taratibu. "Ya kwanza siku unayolazwa. Ya pili baada ya wiki mbili. Kingamwili zikipanda mara nne kati ya hizo mbili, ndicho chenyewe. Zisipopanda, si chenyewe, hata kama zipo. Pengine ni za ugonjwa wa mwaka juzi."

"Na kama wiki ya pili mtu ameshapona?"

"Basi tunamwambia alikuwa anaumwa nini."

Wakala alishindwa kujizuia. "Mama, si sawa na mtu kagongwa, umwambie baadaye jina la dereva?"

Mwanamke aligeuka kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mtu aliyetoka usingizini muda huo huo. "Na wewe umeleta nini kwenye huo mkoba?"

Alileta kadi. Kadi nyeupe, ndogo kama kidole. Unadondosha tone la maji ya damu, unasubiri dakika kumi, mstari unatokea au hautokei. Hakuna wiki mbili, hakuna sahani, hakuna kuvua viatu. Alizungumza vizuri siku ile, na alizungumza taratibu. Jambo ambalo hakulisema ni kwamba wenye kadi walishampa muda. Hospitali hii ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote katika eneo lake. Kama isingeikubali kadi kabla ya miezi mitatu kwisha, uwakala ungekwenda kwa mtu mwingine, naye angerudi kuuza glavu na pamba mlango kwa mlango.

Alipomaliza, mwanamke alisema, "Sawa. Kadi yako inaweza kumtaja dereva kwa dakika kumi. Nataka kuona kama haimtaji kila dereva aliyewahi kupita barabara ile."

Daktari wa kifua, aliyekuwa na kauli ya mwisho, alikata shauri kwa maneno machache. "Bibi Taratibu alinganishe. Akisema ndiyo, nasaini. Akisema hapana, unafunga mkoba." Kisha akamsindikiza wakala hadi kwenye korido na kupunguza sauti. "Ila tukubaliane. Macho yake si ya jana. Siku hizi majibu yake nampa mwingine arudie kuyasoma. Kadi ikionekana nzuri, mimi sitakuwa na pingamizi."

Wakala aliyaweka maneno hayo mahali pazuri akilini, kama anavyoweka kila kitu kinachoweza kuja kufaa.

*

Wiki zikapita, na wakala akaizoea maabara kuliko alivyokusudia. Alikuja kila alipokuwa na nafasi, ili bidhaa yake isisahauliwe. Sahani ilikuwa na kanuni zake. Maji ya damu yalichanganywa na maji mengine, nusu kwa nusu, kisha nusu ya nusu, kisima hadi kisima, yakizidi kufifia. Kisha chembe za rangi ya waridi zikadondoshwa humo. Palipokuwa na kingamwili, chembe zilishikana na kutanda chini ya kisima kama ukungu wa asubuhi. Pasipokuwa nazo, ziliteleza polepole hadi katikati na kukusanyika kuwa kitone kimoja kizito, kama kifungo cha shati kilichozama. Kazi hiyo ilichukua muda wa saa tatu, na kwa muda wote huo meza haikutakiwa kutikisika hata kidogo.

Kwa hiyo korido nzima ilikuwa na desturi yake. Mtu akifika mlangoni, awe daktari au mfagizi, hakubisha hodi. Aliuliza kwa kunong'ona, "Imelala?" Akijibiwa "Imelala," aliacha viatu nje. Mume wa Bibi Taratibu, fundi baiskeli mwenye sauti kama kengele zake, alikuwa akileta chakula cha mchana na kunong'ona kwa sauti iliyosikika hadi wodini: "Mama watoto! Imelala?"

"Imelala mpaka ulipofika wewe."

"Basi nishuke ngazi kwa makalio?"

"Ukiweza."

Wakala alikuwa mtu wa kuuza kwa mdomo. Kumnyamazisha saa tatu ilikuwa kama kumfunga mikono. Siku za mwanzo alikaa akihesabu matone ya bomba. Baadaye akaacha kuhesabu. Mwanga wa dirishani ulihama kutoka ukuta hadi ukuta bila kuonekana ukihama, waridi ilizama ndani ya visima, na yeye alijikuta mara nyingine hajui kama amelala au yuko macho, kama ni adhuhuri au alasiri, kama yule mwanamke mbele yake anatazama sahani au anaota nayo. Hakuipenda hali hiyo. Hakuna mtu aliyewahi kupata faida akiwa ndani yake. Lakini alirudi.

Katika kimya hicho, kwa vipande, alijua namna damu za ulinganisho zilivyopatikana. Wagonjwa arobaini, vichupa themanini. Damu ya kwanza haikuwa taabu. Mgonjwa yuko kitandani. Taabu ilikuwa ya pili. Nani aliyepona atarudi hospitali kudungwa sindano bure? Hawakurudi. Basi kwa mwaka mzima, hata kabla wakala hajaleta kadi yake, kila baada ya kazi Bibi Taratibu aliwafuata majumbani. Alipanda ngazi za maghorofa yasiyo na taa, akakaa kwenye vibaraza, akasubiri mwoka mikate amalize kukanda unga ndipo ampe mkono. Watoto walimkimbia mtaani wakipiga kelele, "Mama wa damu ya pili huyo!" Mmoja alijificha chini ya kitanda, naye akalala chini sakafuni, akamtoa damu huko huko uvunguni.

"Kwa nini ujisumbue hivyo, mama?" aliuliza wakala. "Unastaafu."

"Kwa sababu nilijua kadi zitakuja, na nikiondoka, watabaki na ama sahani ambayo hakuna wa kuisubiri, ama kadi ambayo hakuna anayeijua. Nataka kuacha jibu moja."

*

Asubuhi ya kulinganisha ilipofika, Bibi Taratibu alitoa kwenye friza vibao viwili vya matundu, vichupa arobaini katika kila kimoja, akaviweka mezani viyeyuke. Papo hapo akaitwa wodini. "Usiguse kitu," angesema kwa kawaida, lakini siku ile mashine ilikuwa ikilia na muuguzi amesimama mlangoni, na hakusema.

Wakala alibaki na vibao. Cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili kilikuwa kimekaa vibaya. Barafu ilikuwa imevisukuma vichupa, vingine vimeinama, na vingi vilivyo nusu vilikuwa mbele ya vilivyojaa. Mtu aliyeanza maisha kwa kupanga rafu za duka la mwenzake hawezi kukiangalia kitu kama hicho akakaa. Kila namba ilikuwa na vichupa viwili, kimoja mstari wa mbele na kimoja wa nyuma. Akavipangusa kimoja kimoja, na kwa kila namba akaweka kilichojaa mbele na kilichopungua nyuma, kama unavyopanga chupa za mafuta ili dirisha la duka lipendeze. Alipomaliza kilipendeza kweli. Alikuwa anakigeukia cha kwanza, Bibi Taratibu akaingia.

Siku hiyo alipima kwa kadi mistari ya mbele. Katika kibao cha kwanza, kadi sita kati ya ishirini zilitoa mstari. Katika cha pili, kumi na tatu.

Wakala alisubiri hadi alipokuwa nje ndipo akapiga ngumi hewani. Daktari wa kifua alipitia majibu jioni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kumi na tatu siku ya kwanza ya ugonjwa! Hii inafaa."

Bibi Taratibu peke yake hakuridhika. "Ugonjwa ule ule, miezi ile ile, wodi zile zile. Kwa nini kibao kimoja kitoe mara mbili ya kingine?" Akaamua kesho yake aanze kukipima kwa sahani hicho cha pili.

*

Sahani nne zililala mezani. Bibi Taratibu alikuwa amekwisha kudondosha waridi, na muda ukaanza. Hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Nje mvua ilianza, si kubwa, ya kunong'ona tu kama imeambiwa. Kioo cha ukungu kikawa cheupe zaidi, na chumba kikaonekana kama kinaelea mahali fulani bila jengo chini yake.

"Unajua," alisema Bibi Taratibu bila kuondoa macho kwenye visima, "hata gizani ningeweza kuzijua hizi damu. Ya kwanza ni haba daima. Mtu anahema, mshipa umejificha, na wenzangu nao wameshachota ya kwao. Ya pili inajaa hadi kwenye kifuniko. Mtu amepona, amekaa kwenye kiti chake, ananipa mkono na anataka kunipa na chai."

"Enhe," alisema wakala, nusu usingizini.

"Miaka yote sijawahi kuandika ipi ni ipi. Namba ya mtu tu. Ya kwanza mbele, ya pili nyuma. Hakuna mwingine anayegusa, ya nini kuandika?"

Usingizi ulimtoka wakala kama mtu aliyemwagiwa maji.

Hakuna kilichosogea usoni mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya kazi aliyoiweza zaidi. Ndani, alipiga hesabu zake. Kadi haikuwa imeona ugonjwa siku ya kwanza. Ilikuwa imeuona baada ya wiki mbili, katika damu ya watu waliopona, kwa sababu yeye ndiye aliyeipanga mbele. Baada ya muda, visima vitaonyesha kingamwili zinazoshuka kwa watu ambao zilipaswa kupanda. Bibi Taratibu atayasoma hayo kwa sauti mbele ya daktari. Na daktari atasema nini? Atatazama ile miwani yenye uzi. Macho yake si ya jana. Sahani itawekwa kando kwa heshima, kadi itabaki, saini itatiwa. Hakuhitajika kusema uongo hata mmoja. Alihitajika kukaa tu kwenye kiti kile, bila viatu, na kuendelea kusinzia.

Waridi ilikuwa inashuka. Aliitazama. Katika visima vingine ilikuwa imeanza kutanda, katika vingine inateleza, na haikujali nani anauza nini. Aliona, wazi kama mtu anavyoona vitu ndotoni, mlango wa wodi baada ya miezi michache: mtu mzima anakohoa, kadi haionyeshi kitu, anapewa dawa isiyo yake, anarudi hajapona, na daktari anaanza kuuliza maswali. Mzigo unaorudishwa. Alijua gharama yake kuliko kitu chochote duniani. Mzigo mmoja ukirudi, hurudi na jina lako limeandikwa juu. Hayo ndiyo aliyojiambia. Kama kulikuwa na sababu nyingine, iliyohusu mtoto wa uvunguni na mwanamke aliyelala sakafuni, hakuipa nafasi ya kuzungumza.

"Mama," alisema, "nina kitu cha kukuuzia."

"Kingine?"

"Kosa."

Mwanamke hakugeuka. "La nani?"

"Langu. Lakini kwanza tukubaliane bei. Nikikwambia, hunifukuzi mpaka umalize kibao cha kwanza, na majibu yake unampa daktari kama yalivyo, mazuri na mabaya."

"Kibao cha kwanza," alirudia polepole. "Kwa hiyo cha pili kimekufa." Bomba likadondoka. "Na mimi nina bei yangu. Utamwambia daktari wewe mwenyewe, kwa mdomo wako huo mrefu, sio mimi."

"Mama, hapo unanichinja."

"Basi kaa na kosa lako."

Alijaribu kushusha. Alisema ataandika barua, akakataliwa. Alisema waseme wote wawili. Akaulizwa kama walivipanga wote wawili. Mwishowe akakubali, na hapo ndipo alipotambua kwamba yule mwanamke alishajua ni kosa gani tangu alipolitaja, na alikuwa amebishana bei ya kitu ambacho tayari kiko mkononi mwake. Hakuwahi kukutana na mtu kama huyo sokoni.

Alimweleza. Vilivyojaa mbele, vilivyopungua nyuma.

"Vilipendeza?" aliuliza.

"Sana."

Akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, akijizuia asiitikise meza. Kisha kicheko kikaisha na uso wake ukawa wa mtu anayepanda tena zile ngazi zote, moja moja, mikono mitupu.

"Si tuvirudishe tu?" alinong'ona wakala. "Chenye kingamwili nyingi ndicho cha pili. Sahani itatuonyesha."

"Nataka kujua kama zinapanda. Nikivipanga kwa kupanda kwake, nitakuwa nimelijibu swali kabla ya kuuliza."

"Na kwa ujazo? Umesema ya kwanza ni haba daima."

"Daima ya mdomoni. Humo kuna watoto niliowatoa matone matatu mara zote mbili. Siwezi kula kiapo kwa kichupa hata kimoja."

Waliendelea kukaa mpaka muda ukaisha, kwa sababu sahani zilikuwa zimelala na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziamsha. Visima vilipokomaa, alivisoma vyote na kumtajia wakala aandike: kushuka, kushuka, sawa, kushuka. Kisha akaukunja ule ukurasa akaandika juu yake kwa herufi kubwa: HAIFAI.

*

Daktari wa kifua alimsikiliza wakala akiwa amesimama. Alipomaliza, alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyejitoa jino mwenyewe. "Ungenyamaza tu," alisema. Kisha akamgeukia Bibi Taratibu. "Kwa hiyo macho yako..."

"Macho yangu yana nini?" aliuliza.

Daktari alikohoa kidogo, akaomba majibu ya kibao cha kwanza.

Yalitoka kesho yake, na yalikuwa haya. Kati ya wagonjwa ishirini, sahani ilionyesha tisa waliokuwa na ugonjwa kweli: watoto wanne na watu wazima watano. Siku ya kwanza, kadi iliwaona watoto watatu na mtu mzima mmoja. Pia iliwataja watu wazima wawili ambao kingamwili zao hazikupanda hata kidogo. Walikuwa wamebeba kumbukumbu ya ugonjwa wa zamani. Ilipopewa damu ya pili, kadi iliona wanane kati ya tisa.

"Watu ishirini ni wachache," alisema daktari.

"Walikuwa arobaini," alisema Bibi Taratibu, na wakala akatazama soksi zake.

Uamuzi ukawa hivi: kadi ikubaliwe katika wodi ya watoto tu. Mtu mzima asipimwe kwayo kabla ya wiki ya pili, na ikikaa kimya kwa mgonjwa anayezidi kukohoa, isiaminiwe. Sahani iendelee kwa wenye shaka, mradi apatikane wa kuisubiri. Karatasi yenye maneno hayo ilibandikwa kwenye milango ya wodi, na chini yake ikawekwa saini ya aliyeingia pale kama mwosha chupa.

Wenye kadi hawakufurahi. Wodi ya watoto haikuwatosha. Eneo lote wakampa mtu mwingine mwenye maneno mengi zaidi, wakamwachia wakala hospitali ile moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyejulikana huko. Ilikuwa biashara ndogo. Mzigo wake haukurudishwa hata mara moja, na mwaka uliofuata hospitali nyingine mbili zilimtafuta zenyewe, zikitaka kadi kwa masharti yale yale ya karatasi. Alikuwa amepoteza eneo na kubaki na milango mitatu. Aliuza na glavu, na pamba.

Bibi Taratibu alipoteza watu ishirini, na damu zao za kwanza hazingechotwa tena na mtu yeyote. Siku ile ya ugonjwa wao ilikuwa imepita. Alipata jibu lake moja, lakini nusu yake. Mwezi wa mwisho wa kazi aliutumia kumfundisha binti mmoja wa maabara kusoma sahani, na kila jioni kuandika kwa mkono kwenye vichupa vyote vilivyobaki katika friza, kimoja kimoja, *ya kwanza*, *ya pili*, huku wakala ameketi kando yake akimshikia vifuniko, kwa sababu hilo nalo, alimwambia, lilikuwa ndani ya bei.